Anza na Mkono Kabla ya Uso

Bibi yangu alikuwa na jiwe ambalo hakumruhusu mtu kuligusa kwa kazi nyingine yoyote. Lilikuwa msio wake, jiwe la kusagia liwa, yaani mti wa msandali, na lilikaa juu ya ukingo wa dirisha la uani, limebonyea katikati kwa miaka mingi ya kusuguliwa. Alasiri za Alhamisi alikuwa anatandika mkeka, anadondosha marashi ya waridi matone matatu manne juu ya jiwe, anachukua kipande cha liwa kisichozidi kidole gumba na kuanza kukizungusha. Mwanzo huoni kitu. Baada ya muda maji yale yanageuka rangi ya chai ya maziwa, yanakuwa mazito, mpaka yanafanana na uji wa mtoto, na ua mzima unanukia. Lakini siku ya kwanza hakunipaka usoni. Alinishika mkono, akanipaka kidogo karibu na kiwiko kwa ndani, akaniambia, "Haya, kacheze mwanangu. Kesho tutaona kama ngozi yako imeikubali."

Siku hizi liwa inauzwa imekwisha sagwa. Nenda sokoni Darajani, Unguja, utaikuta ya unga kwenye pakiti, pamoja na singo ya kusugulia mwili iliyokwisha changanywa, sabuni ya mwani, mafuta ya ubuyu, siagi ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda na rangi za midomo za nta ya nyuki. Kariakoo na Marikiti ya Mombasa hali ni hiyo hiyo. Mimi nalifurahia jambo hili kwa moyo wote, maana miaka mingi tuliaminishwa kwamba uzuri unatoka kwenye makopo ya ng'ambo. Ila nakuomba, msomaji, neno "asili" usilichukue kama cheti cha usalama. Upupu ni wa asili. Mafuta ya ganda la korosho ni ya asili, na aliyewahi kubangua korosho kwa mikono mitupu huko Mtwara au Lindi anajua yanavyobabua vidole. Zebaki nayo inachimbwa ardhini. Kilichomtakasa jirani yako kinaweza kukutoa wewe vipele, na njia ya kujua ni ile ya bibi, ikipewa muda zaidi kidogo.

Namna ya kujaribu

Jaribu kimoja kimoja. Ukianza sabuni mpya, mafuta mapya na maski mpya ndani ya wiki moja, uso ukiwasha hutajua mkosaji ni nani. Ukinawiri vilevile hutajua wa kumshukuru. Chagua kile unachokihitaji kweli, vingine viache kwenye mfuko wake.

Kisha mkono. Tafuta sehemu ya ndani, chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo nguo haisugui na maji ya kuoshea vyombo hayafiki. Paka eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, asubuhi na jioni, palepale, kwa siku 7 hadi 10. Kama ni kitu cha kuosha, mathalani sabuni au singo, kiache kwa muda uleule ambao ungekiacha usoni, tuseme dakika 5, halafu suuza.

Najua siku 10 ni nyingi kwa mtu ambaye tayari ametoa hela yake. Nakusihi uvumilie, kwa sababu mzio hauji papo hapo. Kitu kikali kitakuchoma ndani ya saa moja, hapo hutahitaji kuambiwa. Mzio wenyewe kwa kawaida hujitokeza baada ya saa 48 hadi 72, na wakati mwingine ngozi huhitaji kupakwa mara kadhaa ndipo ikatae. Anayepaka mkono usiku na uso mzima asubuhi hajajaribu chochote.

Na unatazama nini? Maelezo mengi yanasema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, na wengi wetu tumepita juu ya dalili kwa sababu tulikuwa tunatafuta rangi isiyoonekana. Tazama kama pale ulipopaka pamekuwa peusi zaidi ya pembeni au pana uzambarau. Papapase kwa mgongo wa kidole uone kama pana joto kuliko kwingine, au pamekuwa na ukwaru. Muwasho wowote unaorudi kila ukipaka ni jibu tosha. Osha, acha, na usikijaribu tena kwa kujipa moyo kwamba ngozi "itazoea". Mzio hauzoeleki, kila mara unapourudia unaweza kuja mkali zaidi.

Mkono ukikubali, hamia usoni, lakini anza pembeni, kando ya taya karibu na sikio, kwa siku tatu au nne. Ndipo uso mzima. Baada ya hapo kipe wiki 4 hadi 6 kabla ya kukisifu au kukilaumu, kwa kuwa ngozi ya mtu mzima huchukua karibu siku 28 kujibadilisha, na kadiri umri unavyosogea inachukua zaidi. Piga picha kila Ijumaa mbele ya dirisha lilelile, saa ileile, bila kichujio cha simu. Mimi huandika pia kwenye daftari: tarehe, nilichopaka, nilicholala nacho, hata kama wiki ile nilikuwa kwenye hedhi, maana chunusi zake zina ratiba yao na ningekuwa nimeshatupa vitu vizuri vingi kwa kuvisingizia.

Vya jikoni na vya sokoni

Tuanze na mafuta ya nazi, kipenzi cha kila nyumba ya pwani. Kwa nywele, miguu, viwiko na ngozi ya mwili iliyokauka sina ninachokipenda kuliko hayo. Kwa uso wenye chunusi sikushauri. Ni mazito, na kwa watu wengi huziba vinyweleo. Ukitaka kujua kama uliyouziwa ni ya nazi tupu, yaweke kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana mtu wa Njombe huyachota kwa kijiko na mtu wa Tanga huyamimina. Yakitoka kwenye friji meupe na magumu yote, vizuri. Ukikuta tabaka la majimaji linaelea juu, umeuziwa mchanganyiko.

Kwa uso nitakuambia jambo ambalo wauzaji wa vichupa vya bei hawalipendi: jaribu alizeti. Naam, alizeti ile ya Singida, iliyokamuliwa bila kusafishwa kwa kemikali, matone mawili juu ya uso wenye unyevu. Watafiti waliolinganisha mafuta ya alizeti na ya zeituni kwenye ngozi za watu wazima walikuta kwamba alizeti ilihifadhi ukuta wa nje wa ngozi, na zeituni ikaudhoofisha. Zeituni tuiache kwenye saladi.

Alovera wengi wanaikosea kwenye hatua ya kwanza. Ukikata jani, kinatoka kimiminika cha njano chenye uchungu. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe, ile tunayoisema tukimtaja mtu mwenye maneno makali, nayo huwasha ngozi. Simamisha jani kwenye kikombe kwa robo saa lichuruzike, lioshe, limenye, ndipo utumie ule ute mweupe wa ndani. Ute huo hauhifadhiki: tumia siku hiyo hiyo, au uweke kwenye friji siku chache tu.

Ndimu iache jikoni. Hili nalisema kwa uchungu. Siku mbili kabla ya harusi ya binamu yangu nilijisugua uso kwa ndimu na sukari, kama tulivyokuwa tukifanya wasichana wote wa mtaani, kisha nikatoka kwenda kufuata nguo kwa fundi saa saba mchana. Jioni shavu la kushoto lilikuwa linawaka. Siku ya harusi lilikuwa na malengelenge, na doa jeusi lililobaki lilichukua miezi mitano kufifia. Daktari ndiye aliyenieleza: ndani ya ndimu mna viambato vinavyoitikia jua, na jua likivikuta juu ya ngozi vinaiunguza. Tena ukali wa ndimu ni mkubwa mno kuliko ule mdogo ngozi iliouzoea. Magadi soda ni kinyume chake, na ubaya wake ni uleule. Karafuu na mdalasini pia, mafuta yao yakipakwa bila kuchanganywa, huchoma. Kwenye singo karafuu hutiwa kidogo, na ndivyo ibaki.

Sabuni ya mwani ninaipenda, na ninapenda habari yake. Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara Zanzibar mwaka 1989, na waliokishika zaidi ni wanawake, wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya pwani ya mashariki. Zamani mwani wote uliondoka mkavu kwenye magunia, ukauzwa kwa bei ya kutupa. Leo baadhi yao wanausaga na kutengeneza sabuni wenyewe. Ukifika kununua, uliza swali moja: sabuni hii imekaa wiki ngapi tangu ilipomiminwa? Sabuni iliyotengenezwa kwa mkono bila kupikwa inahitaji wiki 4 hadi 6 kukomaa, na ikiuzwa kabla ya hapo inakwaruza ngozi. Mtengenezaji mzuri hatachukia kuulizwa, atakutajia tarehe. Hata iliyokomaa hukausha, hivyo mwenye uso mkavu aitumie mwilini, na apake mafuta mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina majimaji.

Na liwa? Kwangu ni ya kwanza kwa siku za joto, inapoza na kunukia, ila usiiache ikakauka mpaka uso ukakaza. Ioshe ikiwa bado na unyevunyevu. Muulize muuzaji imetoka wapi. Msandali wa Afrika Mashariki umevunwa ovyo kiasi kwamba Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Midomo, macho na viganja

Kwenye mashamba ya viungo ya Unguja kuna tunda la mzingefuri, lina manyoya mekundu nje, na ukilipasua unakuta mbegu zinazotia vidole rangi ya chungwa iliyokolea. Watembeza wageni hupenda kuwapaka midomo kwa hizo mbegu. Unaweza kufanya hivyo nyumbani kwako vizuri zaidi. Chukua vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti na vijiko viwili vya mbegu, weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, koroga mpaka mafuta yawe mekundu, kisha chuja kwa kitambaa safi na pima upya upate vijiko vitatu. Rudisha mafuta kwenye bakuli, ongeza kijiko kimoja cha nta ya nyuki iliyoparwa na kijiko kimoja cha siagi ya shea. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo mvuke unatosha. Usiweke bakuli juu ya moto wenyewe. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likiwa laini mno ongeza nta, likiwa gumu ongeza mafuta. Mimina kwenye kikopo kikavu kabisa. Usitie hata tone la maji na kitakaa miezi.

Nikwambie ukweli, rangi yake kwenye midomo myeusi haitapiga kelele. Ni wekundu wa mbali, kama uliyetoka kula embe bichi la pilipili. Mimi ndiyo ninayoitaka. Anayetaka nyekundu ya harusi atafute yenye rangi za oksidi za chuma, ambazo kwenye lebo huandikwa CI 77491, 77492 na 77499. Hizo hizo ndizo zilizomo kwenye fondesheni nyingi za asili. Fondesheni jaribu kwenye taya, kisha toka nje ya duka ujitazame kwenye mwanga wa mchana, maana taa za madukani zinadanganya. Na lipstiki ya kujaribia iliyopo dukani usiiguse kwa midomo, imepita kwa wengi.

Wanja unahitaji tahadhari kubwa kuliko vyote. Wanja wa jiwe, hasa unaoletwa bila lebo kutoka ng'ambo, mara nyingi husagwa kutokana na madini ya risasi. Risasi huingia mwilini na kuharibu ubongo wa mtoto, na watoto hujifuta macho kisha hulamba vidole. Najua kumpaka mtoto mchanga wanja ni mapenzi na ni kumkinga na kijicho. Nakuombeni mama na bibi zangu, tumkinge kwa dua. Wanja wa watu wazima nunua wenye lebo.

Hina ya majani haigeuki nyeusi. Rangi yake ni kahawia au chungwa, na huchukua saa kadhaa kuiva. Ile nyeusi inayokolea kwa nusu saa, piko tunayochorwa harusini, kwa kawaida ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, ambayo haikukusudiwa kupakwa kwenye ngozi. Mtu akishapata mzio wake, anao maisha yake yote, na hataweza hata kupaka nywele rangi. Bibi harusi akichorwa hina siku mbili kabla, itakuwa imekolea vizuri siku yenyewe bila piko.

Kopo linalojiita la asili

Geuza kopo usome nyuma kabla hujasoma mbele. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Kama mbele pameandikwa "ubuyu" kwa herufi kubwa na nyuma Adansonia digitata, jina la kitaalamu la mbuyu, liko mwishoni kabisa, ubuyu wako ni wa kupitia tu. Nazi utaiona kama Cocos nucifera, shea kama Butyrospermum parkii. Neno Parfum ni manukato, na ndiyo yanayosumbua ngozi nyingi nyepesi. Ukiona Aqua, yaani maji, tafuta kihifadhi. Krimu yenye maji isiyo na kihifadhi inaota bakteria na ukungu, hata kama bado inanukia vizuri. Muuzaji anayejisifu kwamba losheni yake "haina kemikali" na imekaa juani kwenye meza miezi mitatu hajakupa sifa ya kununua. Mafuta na siagi tupu, zisizo na maji, ndizo zinazovumilia.

Tena kuna mkorogo unaovaa nguo za asili. Unauzwa kama krimu ya karoti, ya papai, ya mchele, kwenye kopo lisilo na anwani, na ahadi yake ni kung'aa ndani ya siku 7. Rudi kwenye hesabu ya siku 28: hakuna jani wala mzizi utakaobadilisha rangi ya uso kwa wiki moja. Kinachofanya hivyo ni zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, na lebo, ikiwepo, itasema Mercurous chloride, Calomel, Hydroquinone, Clobetasol au Betamethasone. Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha weusi wa bluu usiotoka. Chini ya Mkataba wa Minamata, vipodozi vilivyotiwa zebaki havitakiwi kutengenezwa wala kuvushwa mipaka. Bado vinavuka. Kwa Tanzania Bara vipodozi vinasimamiwa na TBS, Zanzibar na ZFDA, Kenya tafuta alama ya KEBS. Hakikisha kopo lina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho.

Jambo la mwisho la kununua: kinga ya jua. Mafuta ya nazi hayakingi, karoti haikingi, liwa nayo usiitegemee. Tafuta krimu ya zinki yenye SPF 30 au zaidi, hasa kama una madoa unayoyatibu, kwa kuwa jua huyarudisha kila siku. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992, hutengenezwa krimu ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na imeokoa ngozi nyingi.

Ikitokea uso umevimba, macho yamefumba au malengelenge yametoka, usipake kitu kingine juu yake, hata kile ambacho mama mkwe ameapa nacho. Osha kwa maji ya kawaida, nenda hospitali mapema, na uende na kopo lenyewe mkononi, hata kama limebaki tupu. Daktari hawezi kukisia kilichomo.